Majeraha na Matibabu Yake katika Nchi ya Wagusii

Hapana mwanadamu aliyefika utu uzima bila ya kovu mwilini mwake. Kovu moja ni la mwiba, la pili ni la panga, la tatu ni la moto wa jikoni. Na mwenye nalo hukumbuka vyema siku alipolipata na mkono uliomwuguza. Historia tusomayo shuleni hutusimulia habari za wafalme, vita na mikataba. Ni mara chache itwambiapo majeruhi wa vita hivyo walipelekwa wapi, nani aliyewaosha, na kwa nini baadhi yao walipona na wengine wakafa. Katika insha hii nataka kuitafuta habari hiyo katika nchi moja ndogo niijuayo, nchi ya Wagusii, magharibi ya Kenya.

Sababu iliyonifanya niitafute ilikuwa ni tukio dogo. Marani ni mahali pa vilima, kaskazini ya mji wa Kisii. Mvua yake ni nyingi, udongo wake una rutuba, na mashamba ya chai, migomba na mahindi yamefunika miteremko tangu chini mtoni hata juu kileleni. Hapana nyumba isiyokuwa na panga na jembe. Siku moja, katika shamba la shule, mvulana mmoja alijikata mguu kwa jembe. Damu ilimtoka kwa wingi, na wenzake wakamkimbilia kumsaidia. Lakini hawakwenda kutafuta maji. Waliokota udongo mkavu wakaujaza ndani ya jeraha, ili damu ikome. Nilipowauliza ni nani aliyewafundisha kufanya hivyo, mmoja wao alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, hiyo ndiyo dawa ya wazee wetu."

Mvulana yule alioshwa, akapelekwa hospitali, akashonwa na kuchomwa sindano ya kukinga pepopunda, akapona. Lakini jibu la mwenzake lilikaa moyoni mwangu siku nyingi. Je, ni kweli kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya wazee wetu?

Kabla ya kujibu swali hilo, yatupasa kujua majeraha ni ya namna gani, maana asiyetambua namna ya jeraha hulitibu kwa kubahatisha. La kwanza, nalo ndilo jepesi, ni mchubuko: ngozi ya juu imekwaruzwa na ardhi au jiwe, damu hutoka kidogo, maumivu ni makali, na mchanga hunasa juu yake. La pili ni mkato wa kitu chenye makali, kama kisu au wembe. Kingo zake huwa zimenyoka. Damu hutoka nyingi, lakini kingo hizo zikikutanishwa mapema hushikana upesi. La tatu ni mraruko, ambao huletwa na rungu, jiwe au seng'enge. Kingo zake zimechanika ovyo na nyama imepondeka, na nyama iliyopondeka ni chakula cha viini vya maradhi.

La nne ni jeraha la kuchomwa na kitu chenye ncha: mwiba, msumari, mshale au mkuki. Mlango wake ni mdogo lakini kina chake ni kirefu, na kwa sababu hiyo huwadanganya watu wengi. Damu haitoki ya kutosha kuusafisha uchafu ulioingia, wala hewa haifiki chini. Humo ndimo vinamostawi viini vya pepopunda, ambavyo hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, navyo hupenda mahali pasipo hewa. La tano ni jeraha la moto au maji ya moto. La sita ni jeraha la kuumwa na mnyama, hasa mbwa. La saba ni jeraha la kichwa, nalo lastahili kuhesabiwa peke yake; kwa kuwa chini ya ngozi pana fuvu, na chini ya fuvu pana ubongo, na mtu aweza kutembea akizungumza hali kifo kimekwisha kuanza kazi yake ndani.

Basi na turudi nyuma katika karne ya 19. Wakati huo Wagusii walikaa katika milima yao wakizungukwa na majirani wenye nguvu: Wajaluo upande wa kaskazini na magharibi, Wakipsigis upande wa mashariki, na Wamasai upande wa kusini. Ng'ombe walikuwa ndio mali, na kwa ng'ombe ndipo kijana alipooa. Kwa hiyo vijana wa kiume walilala katika maboma ya kulindia mifugo yaliyoitwa ebisarate, mikuki ikiwa karibu, wakingojea adui aje usiku. Mapigano yalikuwa mengi. Yale ya Saosao, ambayo Wagusii waliwashinda Wakipsigis mwishoni mwa karne hiyo, yanakumbukwa hata leo. Lakini kila ushindi ulirudi nyumbani na majeruhi wake: huyu amechomwa mkuki wa paja, yule amechanwa mkono, na mwingine amepigwa rungu la kichwa.

Watu hao hawakuachwa wafe. Wagusii walikuwa na waganga wa namna mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Omoragori alikuwa mpiga ramli. Yeye aliulizwa sababu ya msiba. Omonyamete alikuwa mjuzi wa majani, mizizi na magome ya miti. Na palikuwa na wa tatu, ambaye habari zake zimesafiri mbali kuliko za wenzake wote. Huyo ni omobari, yaani mpasuaji. Na wakiwa wengi huitwa ababari. Kazi yake kubwa ilikuwa kupasua kichwa cha mtu aliyeumia na kulifungua fuvu.

Msomaji ataona ajabu, na pengine hataamini. Lakini jambo hili si hadithi ya kuotea moto. Madaktari wa hospitali walilishuhudia kwa macho yao na kuliandika. Edward Margetts, daktari wa Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, alikusanya habari nyingi za ababari, na maandishi yake yalitolewa mwaka 1967. Mwaka 1985 daktari David Furnas na wenzake waliandika habari za upasuaji huo katika jarida la madaktari wapasuaji. Kwa hiyo tunazo habari za watu walioona, walioyashika mafuvu, na waliozungumza na wapasuaji wenyewe pamoja na wagonjwa wao.

Mgonjwa aliyepelekwa kwa omobari aghalabu alikuwa mtu aliyepigwa kichwani, ama siku ile ile ama zamani, na ambaye maumivu ya kichwa yalikataa kumwacha. Alikalishwa au kulazwa nje, mahali penye mwanga, na jamaa zake wakamshika asitikisike. Omobari alimwuliza maswali, akampapasa kichwa kwa vidole ili apajue mahali penye maumivu. Kisha aliikata ngozi kwa kisu na kuifunua kama mtu afunuaye ukurasa wa kitabu, hata mfupa ukaonekana mweupe. Hapo aliutazama kwa makini kuona kama una ufa au umebonyea.

Sasa ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Omobari hakuupiga mfupa wala hakuuvunja kwa nguvu. Aliukwangua. Alikuwa na kifaa cha chuma kilichopindika ncha, na kwa kifaa hicho aliukwangua mfupa polepole, unga wa mfupa ukidondoka kidogo kidogo, maji yakimwagwa kuondoa damu ili apate kuona afanyalo. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, nayo ilifanywa pasipo dawa ya usingizi tuijuayo leo. Vipande vya mfupa vilivyovunjika viliondolewa. Mfupa ulipokwisha kuwa mwembamba na kutoboka, ukatokeza ule utando mgumu unaoufunika ubongo, mkono wa omobari ulisimama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni kuu ya kazi yake: utando usiguswe kwa makali. Baada ya hapo ngozi ilirudishwa mahali pake, dawa za miti zikapakwa, jeraha likafungwa, na mgonjwa akauguzwa hata alipopona.

Ujuzi huo haukuokotwa njiani. Omobari alijifunza kwa miaka mingi chini ya mpasuaji aliyemtangulia, ambaye mara nyingi alikuwa baba yake au jamaa yake. Kwanza alibeba vifaa na maji, kisha alishika mgonjwa, kisha alitazama, na mwisho kabisa, mwalimu wake akisimama kando, aliruhusiwa kushika kisu. Furnas na wenzake waliona kwamba waliokufa kwa upasuaji huo walikuwa wachache. Kwa mtu anayejua jinsi kichwa kilivyo mahali pa hatari, maneno hayo ni sifa kubwa.

Kwa nini wagonjwa walipona? Haitupasi kuridhika na kustaajabu tu. Lazima tutafute sababu. Sababu ya kwanza ni kwamba ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na mahali penye damu nyingi hupona upesi. Ya pili ni ile kanuni ya kutougusa utando, ambao ni ngome ya ubongo. Ngome isipobomolewa, viini vya maradhi hupata shida kuingia ndani. Ya tatu ni kwamba mfupa uliobonyea huukandamiza ubongo, na damu iliyovuja ikajikusanya chini ya fuvu huukandamiza vilevile. Basi aliyeufungua mfupa aliuondoa mzigo huo. Hivyo hasa ndivyo daktari wa leo afanyavyo, ingawa yeye ana picha za kumwonyesha mahali palipo na damu, na omobari alikuwa na vidole vyake tu.

Hata hivyo, mwana historia hana ruhusa ya kusifu pasipo kupima. Si kila maumivu ya kichwa yatokayo kwenye pigo huondoka kwa kukwanguliwa mfupa. Na palikuwa na watu waliopasuliwa mara nyingi, maumivu yakirejea kila mara. Bila shaka wako waliopona ambao wangepona hata bila kupasuliwa. Na juu ya hayo yote, ababari walipigana na adui wasiyemwona, yaani viini vya maradhi vilivyo juu ya kisu, mikononi na kwenye nguo. Walijua kwamba jeraha hutunga usaha. Hawakuwa na njia ya kujua kwa nini.

Wala si wao peke yao waliokuwa katika giza hilo. Kufungua fuvu ni kazi ya kale sana duniani. Huko Ensisheim, katika nchi ya Ufaransa, limefukuliwa fuvu la mtu wa miaka kama 7,000 iliyopita lenye matundu yaliyopasuliwa na kupona. Katika Peru, mafuvu mengi ya namna hiyo yamefukuliwa, na moja lililotoka Cuzco lilichunguzwa na daktari Paul Broca wa Paris mwaka 1867, naye akathibitisha kwamba mtu yule alipasuliwa akiwa hai. Wayunani nao walikuwa na kitabu kizima juu ya majeraha ya kichwa, ambacho jina la Hippocrates limeambatanishwa nacho. Tofauti ni kwamba katika nchi nyingi habari hizi zimebaki kwenye mifupa na vitabu vya kale, lakini katika nchi ya Wagusii ufundi huu uliendelea hata karne ya 20, mbele ya macho ya watu walioweza kuusimulia.

Na hapa petu Afrika ya Mashariki ujuzi wa kisu haukuwa wa Wagusii tu. Mwaka 1879 msafiri mmoja Mwingereza, Robert Felkin, ambaye alikuwa akisomea udaktari, alifika Kahura katika ufalme wa Bunyoro, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Huko alimwona mpasuaji akimtoa mtoto tumboni mwa mama aliyeshindwa kuzaa. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili maumivu yapungue. Kisha mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyo hiyo, na baadaye kwa maji. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha lilifungwa kwa misumari 7 myembamba ya chuma, iliyozungushiwa uzi wa magome ya mti, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, na juu yake likafunikwa jani la mgomba. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Habari hiyo aliitoa katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Twatambua kwamba mpasuaji yule wa Bunyoro aliosha mikono yake kabla ya kukata, jambo ambalo wapasuaji wengi wa Ulaya walikuwa hawajalizoea.

Naam, hata Ulaya ilijifunza kwa taabu. Kwa muda mrefu wapasuaji wa huko waliamini kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti, na kwa hiyo lazima liunguzwe kwa mafuta ya moto. Mwaka 1537, katika vita vya Turin, kijana mpasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliishiwa mafuta. Kwa kukosa la kufanya, aliwapaka majeruhi waliobaki mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Usiku hakupata usingizi, akihofu kwamba atawakuta wamekufa. Asubuhi aliwakuta hao wametulia, hali wale waliomwagiwa mafuta ya moto walikuwa na homa na maumivu makali. Tangu siku hiyo aliacha kuwaunguza watu. Angalia, msomaji, jambo alilofanya Paré: aliiweka desturi ya wakubwa wake karibu na yale aliyoyaona kwa macho, akafuata aliyoyaona.

Lakini sababu ya usaha ilibaki fumbo kwa miaka mingine 300 na zaidi. Katika hospitali za Ulaya wapasuaji walivaa makoti yaliyokauka damu ya wagonjwa wa jana. Ndipo Louis Pasteur wa Ufaransa alipoonyesha kwamba kuoza huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na Joseph Lister, mpasuaji wa Glasgow, akafikiri kwamba viumbe vya namna hiyo ndivyo viharibuvyo majeraha. Mwezi wa Agosti 1865 aliletewa mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gari, mfupa wa mguu ukiwa umevunjika na kutoboa ngozi. Kwa desturi ya wakati ule mguu ungeweza kukatwa. Lister aliliosha jeraha kwa dawa iitwayo asidi ya kaboliki, akalifunika kwa kitambaa kilicholowekwa humo. Baada ya wiki 6 hivi mtoto alikuwa amepona, na mguu wake anao. Mwaka 1867 Lister alitangaza njia yake, na tangu hapo upasuaji wa dunia ukabadilika.

Maarifa hayo yalifika katika nchi ya Wagusii kwa njia ya kusikitisha, maana yalikuja nyuma ya bunduki. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, serikali ya Waingereza ilipeleka askari kuwaadhibu Wagusii waliokataa kutawaliwa. Ilikuwa mwezi wa Januari 1908 kijana shujaa Otenyo alipomchoma mkuki mtawala wa wilaya, G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Aliyewatia vijana moyo alikuwa mwanamke mtabiri, Moraa. Northcote hakufa, alipona jeraha lake, na miaka mingi baadaye, mwaka 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Lakini adhabu iliyofuata iliwaangukia watu wengi. Waliuawa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Wakati huo Wagusii walijua namna mpya ya jeraha: jeraha la risasi, ambalo huvunja mfupa vipande vipande na kusukuma uchafu wa nguo hata ndani ya nyama. Kwa jeraha hilo ujuzi wa zamani haukutosha.

Miaka 6 baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilifika mlangoni. Tarehe 12 Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana hapo Kisii. Mwaka 1916 hospitali ilianzishwa katika mji huo kwa ajili ya askari wa vita hivyo. Nayo ndiyo iliyokua hata ikawa hospitali kubwa ya rufaa na mafunzo ya Kisii ya leo. Hivyo mkono ule ule ulioleta bunduki ndio ulioleta bandeji. Historia ni tele kwa mambo ya namna hiyo, nasi hatuna budi kuyasema yote mawili bila kuficha lolote.

Polepole watu waliijua njia ya hospitali. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini huko London, lakini ilichukua zaidi ya miaka 10 kuifanya iwe dawa ya kutibu watu. Mwaka 1941 askari polisi mmoja wa Oxford, ambaye jeraha lake lilikuwa limeingiwa na viini hata akakaribia kufa, alipewa dawa hiyo. Katika siku chache alianza kupona. Lakini dawa yenyewe ilikuwa haba mno, ikaisha kabla ya maradhi kwisha, na mtu yule akafa. Leo dawa za namna hiyo zapatikana hata katika hospitali ndogo. Ni vyema tumkumbuke askari yule kila tudharaupo kidonda kidogo.

Ababari nao walipungua kwa kadiri hospitali zilivyozidi. Katika miaka ya 1960 wapasuaji wa ubongo waliosomea kazi hiyo walianza kufanya kazi Nairobi. Na sheria ya Kenya ya mwaka 1977 juu ya madaktari iliweka wazi kwamba kazi ya udaktari ni ya wale walioandikishwa. Haifai leo mtu mwenye kichwa kilichopasuka apelekwe kwingine badala ya hospitali. Omobari mwenyewe, kama angalipata kuiona picha ya ubongo na dawa ya usingizi, bila shaka angalizitaka.

Sasa naweza kurudi kwenye shamba la shule na jibu la yule mwanafunzi. Alisema kwamba udongo ndiyo dawa ya wazee wetu. Sikatai kwamba zamani walikuwako watu waliopaka majivu, mavi ya ng'ombe au udongo. Watu wa namna hiyo walikuwako Ulaya na Asia pia, na hata leo wako. Lakini tukiuliza wale mabingwa wa zamani walifanya nini, jibu ni lingine. Walitazama kwanza. Walimwaga maji. Waliondoa kisichotakiwa ndani ya jeraha, wala hawakuongeza. Walijua mahali pa kusimama. Na kabla ya kumgusa mtu walijifunza kwa miaka mingi. Mwanafunzi yule, kwa nia njema, alilitaja jina la wazee lakini hakuujua ujuzi wao. Na wakati huo huo alikuwa hajaushika ujuzi wa hospitali. Alisimama katikati ya nyumba mbili akinyeshewa na mvua.

Basi wewe usomaye, usisimame hapo. Mwenzako akijikata, osha mikono yako, kisha kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Na baadaye lioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, ulifunike. Kama jeraha ni kubwa au limeachama, damu ikisha kuzuiwa mpeleke hospitali akashonwe mapema. Akichomwa na msumari au mwiba mrefu, usilidharau tundu dogo. Mpeleke akakingwe na pepopunda. Kitu kilichozama ndani sana usikichomoe, maana huenda ndicho kizuiacho damu. Akiungua, mwagia mahali hapo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake siagi wala dawa ya meno. Akiumwa na mbwa, lioshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe siku hiyo hiyo kuchanjwa, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikisha kujitokeza karibu hapana mtu apatae kupona. Na akipigwa kichwani, au akianguka kwenye pikipiki, kisha akatapika, akasinzia ovyo, au akasema maneno yasiyoeleweka, usimwambie alale apumzike, mpeleke upesi. Marani ina hospitali yake, na njia ya kwenda Kisii si ndefu.

Mvulana yule wa shamba la shule amebaki na kovu juu ya kifundo cha mguu. Hakufa kwa udongo ule, kwa sababu uliondolewa mapema. Wengine hawakubahatika. Kuwaheshimu wazee ni kuyajua waliyoyajua, kuyapima kama Paré alivyopima, kushika lililo kweli na kuliacha lililo kosa. Kwa maana hata wao, kila kizazi kwa wakati wake, ndivyo walivyofanya.